Bibi wa miaka 71, mtoto wa darasa la nne, na kitabu cha kusoma pamoja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikoba cha kina mama 13, tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni hapa Majengo, Moshi. Mwaka jana tulikubaliana kwamba tukimaliza mambo ya hisa na mikopo tusome kitabu pamoja, maana watoto tunaokuja nao wanakaa tu wanachezea simu. Tulinunua riwaya moja, nakala mbili, tukapokezana. Baada ya miezi miwili waliomaliza walikuwa wanne. Siku ya kuijadili, mwenzetu ambaye ni mwalimu aliongea karibu saa nzima kuhusu dhamira na wahusika, sisi tukanyamaza, bibi akasinzia. Tukaacha. Mkubwa wetu ana miaka 71, mdogo ana 23, na watoto ni kuanzia darasa la nne hadi kidato cha tatu. Kuna wanaopenda upelelezi, kuna wa hadithi za mapenzi, na kuna mmoja anayesoma vitabu vya dini tu. Tutapataje vitabu vya kutufaa, na tuvijadilije bila kikao kugeuka darasa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimecheka pale bibi aliposinzia. Nimecheka kwa aibu, maana huyo mwalimu ni mimi. Nimefundisha fasihi sekondari hapa Arusha miaka mingi, nikakabidhiwa maktaba ya shule, na tangu nistaafu nimekaa kwenye vikundi vya kusoma vya kina mama, vya vijana wa kanisani na vya wazee. Kote huko niliwasinzisha watu kabla sijajifunza kunyamaza. Msimfukuze mwenzenu. Nitamrudia, ana kazi yake.

Kwanza tuelewane jambo moja. Unatafuta kitabu kitakachomfaa bibi wa miaka 71 na mtoto wa darasa la nne kwa kipimo kilekile. Hicho hakipo, na mkikitafuta mtazunguka maduka ya mjini mpaka siku ya kuvunja kikoba. Kilichopo ni kitabu ambacho wote mnaweza kukisikia kwa wakati mmoja, kila mtu akatoka na lake. Nimesema kukisikia. Riwaya mliyonunua mwaka jana haikuwa na kosa. Nakala mbili kwa watu 13 maana yake wa kwanza ameshasahau majina ya wahusika wakati wa mwisho ndiyo anafungua ukurasa wa kwanza. Tena mama anayeamka alfajiri kuwahi ndizi soko la Mbuyuni, akauza, akarudi kupika, usiku hana saa mbili za utulivu na kitabu. Akilala nacho kifuani msimhesabu mvivu. Someni palepale kikaoni, kwa sauti, dakika 25, kisha kitabu kifungwe. Hakuna kazi ya nyumbani. Hakuna aliyebaki nyuma.

Atatokea wa kusema kusomewa ni mambo ya watoto. Mwambieni tenzi zetu zilitungwa zighanwe mbele za watu, na wengi waliozijua kwa moyo hawakuwahi kushika karatasi yake. Na huyo bibi yenu, kama alizaliwa vihambani huko juu, alilelewa na hadithi za Irimu, lile zimwi la Kichagga, jioni jikoni, moshi ukimwingia machoni, na hakuna aliyempa nakala yake.

Na kujadili mnajua tayari. Nendeni saluni yoyote hapo mjini siku ya Jumatatu mkasikilize wanawake wanavyoichambua tamthiliya ya Kituruki ya wiki iliyopita: mama mkwe yule ni nyoka, binti alifanya ujinga kumsamehe, mimi ningekuwa yeye ningechukua mtoto wangu nikaondoka. Majina magumu yale yote wanayakumbuka, na ya miezi mitatu nyuma wanayakumbuka. Hakuna aliyewauliza dhamira. Mazungumzo mnayoyataka ni hayohayo. Sisi walimu ndio tuliowafanya mwamini kwamba kitabu kina lugha yake ya kukiongelea, na asiye nayo anyamaze.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza nawashauri kiwe tamthiliya, kwa sababu ya sauti. Chukueni Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba. Ni fupi, na kwa kuwa imesomeshwa miaka mingi sekondari, nakala zake hazisumbui kupatikana; huenda mmoja wa watoto wenu anayo kwenye begi la shule sasa hivi. Kijana wa mjini anatumwa kijijini kuwa karani wa sensa, anafikia kwa Mzee Ngengemkeni Mitomingi, anamwona binti wa mzee huyo aitwaye Mazoea, na hapo kazi ya serikali inaanza kuwekwa pembeni. Sitasema karatasi zinaishia wapi.

Nimeichagua kwa sababu kila aliye kwenye hicho chumba ameshahesabiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 sote tulilala tukijua kuna mtu atakuja kuuliza nani alilala ndani ya nyumba hii. Kila mmoja ana kisa cha karani wake: aliyekuja wakati ugali uko motoni, aliyeuliza umri wa bibi na bibi akagoma kuutaja, aliyekuta mume ametaja idadi ya watoto isiyolingana na ya mkewe. Nilisoma tamthiliya hii na kikundi cha kina mama huku Arusha, na mazungumzo ya karani yalichukua nusu saa kabla mtu yeyote hajamtaja Ngoswe. Sikuwakatiza. Walipomrudia Ngoswe walikuwa wanamwongelea kama kijana wa mtaani kwao aliyewaangusha wazazi wake, na mtoto wa kidato cha pili akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza darasani: mbona kila mtu anamlaumu Ngoswe na hakuna anayeuliza Mazoea alikuwa anataka nini?

Gaweni nafasi za wahusika. Na hapa ndipo mwalimu wenu anapopata kazi: yeye asome maelezo ya jukwaani, yale yanayosema nani ameingia, nani amekaa, mandhari ikoje. Yanahitaji mtu anayesoma bila kukwama. Wakati wa mazungumzo mpeni daftari awe katibu, aandike watu wanasema nini, na yeye aseme wa mwisho. Mimi walinifanyia hivyo. Siku mbili za kwanza nilinuna. Ya tatu nikagundua kwamba kumbe nilikuwa sijawahi kumsikiliza mtu asiyesomea fasihi akieleza hadithi mpaka mwisho.

Lakini kuna jambo nataka mlishike kuliko yote niliyoandika hapa: msisome kwa kuzunguka, huyu aya moja, huyu aya moja, mpaka duara liishe. Anayetaka kusoma ajitolee. Katika kikundi kimoja nilichokisimamia kulikuwa na mama wa makamo, mchangamfu, muuza mboga, ambaye kila zamu yake ikifika miwani yake ilikuwa imesahaulika nyumbani. Wiki ya kwanza tulicheka. Wiki ya nne nikamletea miwani ya kusomea ya kwangu, nikajiona nimefanya wema, nikamwambia mbele ya watu, haya mama, leo huna kisingizio. Akaivaa. Akakishika kitabu. Kimya kilichofuata mpaka leo nakisikia. Wiki iliyofuata hakuja, na mimi nilichukua siku kumi kuelewa nilichokuwa nimekifanya, nikamfuata kwenye genge lake kuomba radhi. Alirudi baada ya mwezi. Sasa mtu huyu ambaye herufi zinampiga chenga ndiye aliyekuwa anatukumbusha tulipoishia wiki iliyopita, maneno kwa maneno, hata nani alikuwa amevaa nini. Katika kina mama 13 wa umri tofauti, msishangae akiwamo mmoja. Msimtafute. Wekeni tu utaratibu ambao haumlazimishi kujitaja.

Sasa kupata vitabu. Watu huwa wananiomba orodha, nami naikataa, kwa sababu orodha ya mwalimu ni vitabu vya mwalimu. Vitabu vingi nilivyovipenda nilivijulia mdomoni mwa mtu: kondakta aliyekuwa anasoma stendi akisubiri abiria, shangazi aliyesema kitabu hiki usikiguse, mwanafunzi aliyekuja kuomba aongezewe wiki moja. Kwa hiyo fanyeni hivi. Maktaba ya mkoa mnayo hapohapo Moshi mjini. Siku moja tumeni watu wanne wa umri tofauti, mmoja akiwa mtoto, ila kila mmoja amchagulie mwingine kitabu, asijichagulie mwenyewe. Mtoto amchagulie bibi. Dada wa miaka 23 amchagulie yule wa vitabu vya dini. Jumamosi someni ukurasa wa kwanza wa kila kitabu, kimoja baada ya kingine, bila kueleza chochote kuhusu mwandishi. Kisha pigeni kura kwa maharage: bakuli nne, kila mtu punje moja. Bakuli lenye punje nyingi ndilo kitabu chenu. Nimeona bibi akikataa kitabu alichochaguliwa na mjukuu, kisha akakiazima kimyakimya siku ya kuondoka.

Upelelezi naupa nafasi ya pili baada ya tamthiliya, maana ndio unaomfanya mtu arudi wiki ijayo. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, ina mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum, na Kiswahili cha Unguja ambacho vijana wenu watakiona kigeni na bibi atakionea raha. Kuna maneno yatawashinda. Waulizeni wazee wa hapo Majengo wenye asili ya pwani. Kikoba chenu kina kitu ambacho kikundi changu hakikuwa nacho, sanduku la kufuli tatu. Mkifika katikati ya kitabu, kila mtu aandike kwenye kikaratasi jina la anayemshuku, asiyeandika amnong'oneze mwenzake, karatasi zote zifungiwe sandukuni pamoja na fedha, na zisifunguliwe mpaka Bwana Msa atoe hukumu yake. Mkiona watoto wanawahi kufika kabla ya mtunza hazina, ni kwa sababu hiyo.

Kuhusu waume: wakisikia kuna upelelezi watajipitisha. Wanaume waliokuwa vijana miaka ya sabini na themanini walisoma Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa mpaka kurasa zikachanika. Mwulizeni mmoja tu, mtaona.

Bibi mpeni kitabu ambacho yeye atakuwa mkubwa kuliko mwandishi. Petro Itosi Marealle wa Marangu aliandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kikatoka mwaka 1947, na Mkuki na Nyota walikichapa tena. Ndani yake mna maisha ya Mchagga tangu kuzaliwa, kuoa, kuzika, mpaka kwa mababu. Someni sehemu moja tu, labda ya uzazi au ya posa, halafu mgeukieni bibi mumwulize: ni kweli? Kama yeye si wa Marangu, kama ni wa Kibosho au Machame au Rombo, jiandaeni, kwa sababu atasema hapa amekosea, kwetu sivyo. Hapo mmeshapata jioni nzima. Na kama kikoba chenu kina Wapare na Wameru na watu wa Singida, kama vikoba vya mjini vilivyo, kila mmoja atataka kusema kwao ilikuwaje. Watoto wa mjini ambao Kichagga wanakijua cha salamu tu watakaa kimya kusikiliza, jambo ambalo hamjaliona tangu wapate simu.

Nije kwenye la mama na binti, maana naona umri wa watoto wenu na nahisi ndilo lililokusukuma kuandika, ingawa hukulisema. Kuna vitabu viwili ambavyo nimevisoma na vikundi vya namna yenu, na vyote viwili viliwasha moto.

Wa kwanza ni Utenzi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham wa Pate aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumwachia binti yake Mwana Hashima. Ni usia wa mama: dini, adabu, na namna ya kuishi na mume, kumtunza na kumridhisha mpaka mambo madogo kabisa ya nyumbani. Lugha yake ni ya kaskazini ya pwani na si nyepesi. Tafuteni toleo lenye maelezo, na beti kumi kwa siku zinatosha. Kuna mabinti watasema haya ni mateso. Kuna mama atasema nyinyi ndiyo maana ndoa zenu hazidumu. Waacheni. Ila kabla hamjafunga ulizeni swali moja: mama anayejua kwamba anakufa na binti yake atabaki mikononi mwa watu, alikuwa na nini kingine cha kumwachia? Nilipouliza hivyo, binti mmoja aliyekuwa ameongoza upinzani alisema kwamba kwake ule ulikuwa utenzi wa mtu anayeogopa. Sijawahi kusoma uchambuzi ulionigusa kuliko huo.

Wa pili ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Hii si ya kusomwa kwa sauti mbele ya darasa la nne, nasema mapema. Ilipotoka ilipigwa marufuku shuleni, na ukiisoma utaelewa kilichowatisha wakubwa: Zakaria, baba mlevi wa kule Ukerewe, anambana binti yake asiwajue wanaume kabisa, binti anatoka kwenda shule bila kujua dunia, na kilichofuata ni majuto. Mwisho wake ni mzito, kuna kujiua, na kabla ya kuanza hakikisheni hakuna kwenye chumba mtu aliyefiwa kwa namna hiyo juzijuzi. Someni watu wazima na wale wa kidato cha tatu ambao mama zao wameridhia. Moshi ni mji wa shule za bweni. Kila mwaka mnafunga masanduku, mnaweka sabuni na kalamu na godoro, mnawapeleka mabinti. Swali la kitabu hiki ni lile mnalolijua mkiwa njiani kurudi nyumbani siku hiyo: nimemwambia vya kutosha? Muwalaumu kwanza Zakaria, kisha mama, Regina, kisha jamii, kisha Rosa mwenyewe, kwa zamu, kila mmoja na hoja yake. Nimeona kikundi kikigawanyika sawasawa, na mstari wa mgawanyiko haukufuata umri kama nilivyotegemea. Mkali kuliko wote dhidi ya Zakaria alikuwa mzee wa miaka 68.

Wale wa hadithi za mapenzi za kwenye simu msiwadharau. Zile za kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu ya 1, sehemu ya 2, itaendelea, ni ndugu wa riwaya zilizokuwa zinatoka magazetini kila wiki, na watu walikuwa wanapanga foleni. Mpeni binti wa miaka 23 dakika kumi asome sehemu moja, kisha mumwulize kwa nini mwandishi ameikata pale. Atajibu vizuri kuliko mwanafunzi wangu wa kidato cha sita. Zile zenye uchafu aziache nyumbani, yeye mwenyewe anazijua.

Kwa anayesoma vitabu vya dini tu, msimtoe kwenye dini yake. Jaribuni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Adili ana ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa ubaya wao, naye analazimika kuwachapa kila usiku huku moyo unamuuma. Mtoto atasikia manyani na majini. Mwenzenu wa dini atasikia habari ya kusamehe. Bibi atasikia Kiswahili kilichopigwa pasi. Mimi binafsi naona Adili ni mwema kupita kiasi mpaka ananichosha, na mtoto mmoja wa darasa la tano aliwahi kuniunga mkono kwa sauti kubwa.

Hao watoto, msiwaweke mkiani. Waanze wao. Dakika kumi na tano za kwanza, kabla hata hisa hazijahesabiwa, mtoto mmoja asimulie alichosoma wiki hiyo na watu wazima wamwulize maswali ya kweli, wala wasimpime. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umesaidia kutoa vitabu vingi vya Kiswahili vya kiwango chao, vifupi na vyenye picha. Hekaya za Abunuwasi hazijawahi kuniangusha kwa umri wowote. Wakikua kidogo wapeni Marimba ya Majaliwa, ya Semzaba yuleyule wa Ngoswe, ambamo kijana anazunguka Tanzania. Fungueni ramani mezani mfuate njia yake kwa kidole. Wa darasa la nne anaweza pia kusoma kwenye simu, bure, hadithi za Kiswahili za African Storybook, na hapo ile simu inayokukera inapata kazi nyingine.

Ushairi nitaupita haraka, nisije nikarudia tabia yangu ya zamani. Ila mkija Arusha, mkipita uwanja wa Sheikh Amri Abeid, waambieni watoto kwamba aliyepewa jina hilo alikuwa mshairi, na kwamba mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi ambacho watunzi wanakirejea mpaka leo. Wengi wanaoshangilia mle hawajui.

Fedha ni jambo dogo kuliko mnavyodhani. Kwa kusoma kwa sauti, nakala tatu zinatosha. Kwa tamthiliya, nakala nne au tano, wawili wawili waangalie moja. Zitoke mfuko wa jamii, ziandikwe daftarini kama mali nyingine ya kikundi, na kitabu kilichoazimwa kisirudi kilipiwe faini kama mnavyofanya kwa kuchelewa. Ila faini ya kutosoma msiiweke kamwe. Na msitoe kopi kitabu kizima kwa jirani mwenye mashine. Mwandishi wa Kiswahili anakula kwa shida hivyohivyo.

Mkishazoea, labda mwakani, kuna kitabu nakiweka akiba kwa ajili yenu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika riwaya ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Ni ndefu, ina mambo ya watu wazima, na sehemu nzima ya hadithi iko kwenye mji wa chini ya mlima. Nyie wa Moshi mtabishana ni mlima gani. Lakini sijaiweka akiba kwa ajili ya mlima. Nataka kusikia watu wanaokaa kila Jumamosi wakiamua nani akopeshwe na nani asubiri watasema nini juu ya mtoto aliyewekwa rehani.

Mwisho, ugomvi. Utatokea. Kanuni yangu ni moja: mseme mtu wa kitabuni mpaka mchoke, mwenzako aliyeketi hapo usimguse. "Regina ni mjinga" inaruhusiwa. "Wewe ndiyo unafanana na Regina" hairuhusiwi, hata kwa utani. Na itafika siku mama mmoja atasema, huyu angeondoka tu, angeondoka na watoto wake usiku uleule, na sauti yake itakuwa imebadilika. Msimgeukie. Msimwulize kulikoni. Mwingine aendelee kuhusu Regina, chai imiminwe. Akitaka kusema zaidi atamfuata mmoja wenu baadaye, njiani, akienda kupanda bodaboda.

Basi Jumamosi hii mtafuteni Ngoswe. Bibi mpeni nafasi ya Mzee Ngengemkeni, na kama ataona haya kusoma, dada wa miaka 23 amnong'oneze sikioni yeye aseme kwa sauti yake. Na mkifika pale pa moto, niandikie unieleze nani alicheka.